Sura ya Saba: Ushahidi Uliobaki Kifuani

Mjini Kimberley, Afrika Kusini, mji ambao dunia iliujua kwa almasi, palikuwa na hospitali ya kifua kikuu iliyoitwa West End. Miaka ya 1950 iliongozwa na Dk. Chris Sleggs, na kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimsumbua. Dawa mpya za kifua kikuu zilikuwa zimeshaingia, na wagonjwa wenye maji kifuani waliotoka upande wa mashariki walizitumia wakapona. Waliotoka magharibi, kwenye safu ya vilima iitwayo Asbestos Hills, walipewa dawa zile zile na hawakupona. Maji yalivutwa kwa sindano, yakajaa tena. Mtu alikonda, pumzi ikamwishia, na hadi dakika ya mwisho alikuwa akihesabiwa miongoni mwa wagonjwa wa kifua kikuu.

Johannesburg nako, mwaka 1956, mwanapatholojia kijana Christopher Wagner aliipasua maiti ya mwanamume ambaye naye alidhaniwa kuwa na kifua kikuu. Alikuta upande mmoja wa kifua umejaa uvimbe mzito wenye utelezi, umelizunguka pafu lote na kulibana. Alipoweka kipande cha pafu chini ya hadubini aliona vijiti vidogo vya rangi ya dhahabu. Vijiti hivyo vilishajulikana: ni alama ya mtu aliyevuta vumbi la asbestosi. Uvimbe wenyewe ndio uliokuwa nadra kiasi kwamba wapo mabingwa waliokataa kabisa kuwa saratani inaweza kuanzia kwenye utando unaozunguka mapafu.

Wagner na Sleggs walikutana, pamoja na daktari wa upasuaji wa kifua, Paul Marchand. Wakafanya kazi ambayo haihitaji mashine yoyote. Walirudi kwa wagonjwa, na kwa ndugu wa waliokwisha kufa, wakauliza: ulizaliwa wapi, ulikulia wapi, baba yako alifanya kazi gani, mlicheza wapi mlipokuwa watoto? Mwaka 1960 walichapisha taarifa ya wagonjwa 33, wanaume 22 na wanawake 11, wenye umri wa miaka 31 hadi 68. Isipokuwa mmoja tu, wote walikuwa na historia inayowaunganisha na asbestosi ya buluu. Wengi hawakuwahi kushika sururu mgodini. Walikuwamo wake wa nyumbani, watumishi wa ndani, wachungaji wa ng'ombe, wakala wa bima, hata mhasibu. Waliishi karibu na machimbo, au walipita hapo utotoni, na miaka 30 au 40 baadaye ugonjwa ukawafuata walikohamia. Leo ugonjwa huo tunauita mesotelioma.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tangu hapo sayansi imekuwa ikitafuta njia ya kuusoma mwili moja kwa moja, bila kutegemea kumbukumbu ya mgonjwa. Kumbukumbu hupotea. Mwajiri huchoma daftari za mahudhurio, kampuni hufungwa, shahidi hufa. Kama damu au makohozi yangeweza kusema, mzozo ungeisha. Lakini mwili huulizwa maswali matatu tofauti, na watu huyachanganya hospitalini na mahakamani. La kwanza: mtu huyu alivuta asbestosi? La pili: imemdhuru? La tatu: ataugua saratani? Kipimo kinachojibu moja huwa hakijibu mengine, na ubishi mwingi juu ya vipimo hivi huanzia hapo.

Tuanze na lile la kwanza, ambalo ndilo rahisi. Unyuzi wa asbestosi unaofika ndani kabisa ya pafu ni mwembamba kupita tunavyoweza kufikiri; nyuzi nyingi za asbestosi ya buluu hazifikii hata nusu ya maikromita kwa unene, ilhali unywele wa kichwani hufikia maikromita 70 hivi. Uzito wake ni mdogo, umbo lake limenyooka, hivyo hupita na hewa hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pafu. Huko hukutana na seli za ulinzi, zile ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na kuuondoa. Seli hiyo ina upana wa maikromita 20 hivi. Unyuzi ukiwa mrefu kuliko huo, seli inabaki kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki: haiwezi kumeza, haiwezi kutema. Katika kuhangaika humwaga kemikali zake kali, huwaita wenzake, hatimaye hufa, na unyuzi unabaki pale pale ukingojea seli nyingine.

Baadhi ya nyuzi mwili huamua kuzifunika. Huzipaka utando wa protini na chuma, tabaka juu ya tabaka, mpaka zinakuwa vijiti vya kahawia ya dhahabu vyenye vifundo, vimevimba kwenye ncha zote mbili. Kwa sababu vina chuma, rangi ya maabara inayotafuta chuma huvigeuza kuwa buluu, na hadubini ya kawaida iliyopo katika hospitali ya mkoa inatosha kuviona. Wataalamu huviita miili ya asbestosi.

Viligunduliwa mapema. Mwaka 1924, Nellie Kershaw alifariki mjini Rochdale, Uingereza, akiwa na miaka 33, baada ya kufanya kazi tangu usichana wake katika viwanda vya kusokota asbestosi. Kampuni ilikataa kuilipa familia. Mwanapatholojia William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akayakuta yamejaa makovu na chembe za madini, akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba vumbi la kazini ndilo lililomuua. Katika miaka michache iliyofuata vile vijiti vya dhahabu vikawa vinaelezwa waziwazi katika majarida ya kitabibu, na mwaka 1931 Uingereza ikaweka kanuni za vumbi viwandani.

Hapo ingeonekana kazi imekwisha: ukiona vijiti, mtu alivuta asbestosi. Na ni kweli. Tatizo lilijitokeza mwaka 1963, pale J. G. Thomson na wenzake wa Cape Town walipochunguza mapafu ya maiti 500 zilizopita mikononi mwao kwa mfululizo, za watu wa kawaida wa mjini. Takriban robo walikuwa na miili ya asbestosi. Hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakazi wa jiji lenye breki za magari, mabomba, mapaa na bohari za bandarini. Basi swali halikuwa tena kama vipo au havipo. Likawa: vingapi?

Kuhesabu kulichukua miongo mitatu zaidi. Januari 1997 wataalamu 19 kutoka nchi nane walikutana Helsinki, Finland, wakakubaliana juu ya vizingiti. Gramu moja ya pafu lililokaushwa ikiwa na miili ya asbestosi zaidi ya 1,000, au nyuzi zaidi ya 100,000 za aina zilizonyooka, kama ile ya buluu, zenye urefu unaozidi maikromita 5, uwezekano ni mkubwa kwamba mtu huyo aliipata asbestosi kazini. Kwa aliye hai, pafu halikatwi ovyo. Daktari hupitisha mpira mwembamba puani au mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, humimina maji ya chumvi, kisha huyavuta tena. Mililita moja ya maji hayo ikiwa na zaidi ya mwili mmoja wa asbestosi, ni dalili ile ile. Idadi hiyo inaonekana ndogo mno, lakini kinachopatikana kwenye maji ni sehemu ndogo sana ya kilichobaki kwenye nyama ya pafu.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, kipimo hiki kimetumika kudhulumu. Asbestosi si kitu kimoja. Ya buluu na ya kahawia zina nyuzi ngumu zilizonyooka ambazo hukaa kifuani miongo na miongo. Nyeupe, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya asbestosi iliyouzwa duniani, nyuzi zake zimejisokota, hupasukapasuka, huyeyuka kidogo kidogo, na nyingi huondoka mapafuni baada ya miezi. Hutengeneza miili michache tu. Fundi aliyekata mabati ya asbestosi nyeupe kwa miaka ishirini anaweza kuoshwa mapafu na maji yakatoka safi. Wakili wa kampuni atasimama na karatasi ya maabara mkononi na kusema: mnaona, hakuna kitu.

Karatasi hiyo haisemi hivyo. Inasema unyuzi haupo leo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilirejea hukumu yake mwaka 2012 kwamba aina zote za asbestosi, nyeupe ikiwemo, husababisha saratani kwa binadamu. Wale wataalamu wa Helsinki wenyewe waliandika kwamba kwa asbestosi nyeupe, historia ya kazi huenda ikawa kipimo bora kuliko kuhesabu nyuzi. Sentensi hiyo hunukuliwa mara chache kuliko vile vizingiti.

Swali la pili, la madhara, lilipata uwanja wake mkubwa Libby, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Montana, Marekani. Huko hawakuchimba asbestosi. Walichimba vemikulaiti, madini yanayofutuka yakipashwa moto, yaliyotumika kujaza kuta za nyumba na kulainisha udongo wa bustani. Mwamba wake ulikuwa umechanganyika na nyuzi za asbestosi za jamii ile ngumu. Kampuni ya W. R. Grace iliununua mgodi mwaka 1963 na kuufunga mwaka 1990. Wachimbaji walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, wake zao wakazifua, watoto wakacheza juu ya marundo ya vemikulaiti kando ya uwanja wa besiboli. Habari zilipolipuka magazetini mwishoni mwa 1999, serikali ilipima watu zaidi ya 7,000 katika miaka miwili iliyofuata. Kati ya watu wazima waliopigwa eksirei, karibu asilimia 18 walikuwa na mabaka au unene usio wa kawaida kwenye utando wa mapafu. Mwaka 2009 mji huo ulitangazwa kuwa katika dharura ya afya ya umma, kitu ambacho shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, halikuwahi kukifanya kabla yake.

Picha ya eksirei ni shahidi anayechelewa. Inapoonyesha baka, kovu limeshakaa miaka mingi. Jean Pfau, mtaalamu wa kinga ya mwili, alitaka kujua kama damu ingesema mapema zaidi. Katika utafiti uliotoka mwaka 2005 alilinganisha watu 50 wa Libby na 50 wa Missoula, mji mwingine wa jimbo hilo hilo, waliofanana nao kwa umri na jinsia. Damu za watu wa Libby zilikuwa na kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe, mara nyingi zaidi na kwa wingi zaidi kuliko za wenzao. Baadaye kundi lake likapata kingamwili za aina nyingine, zinazolenga seli za utando wa mapafu, na watu waliokuwa nazo ndio walioelekea kuwa na unene ule unaoonekana kwenye picha. Hii inanivutia kuliko mengi yaliyoandikwa juu ya Libby. Kwa muda mrefu asbestosi ilielezwa kama mchubuko tu: unyuzi unachoma, nyama inaota kovu. Huenda basi sehemu ya kovu hilo hujengwa na kinga iliyochanganyikiwa, ambayo inaendelea kupigana na mwili wake miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Lakini kingamwili za kujishambulia zipo pia kwa watu wenye maradhi ya viungo, na hata kwa baadhi ya wazee wasio na ugonjwa wowote. Kwa kundi la watu 50 zinaeleza jambo. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele ya daktari, peke yake, hazitoshi.

Swali la tatu ndilo lililovuta fedha nyingi na matumaini mengi. Mesotelioma huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza, na inapogunduliwa mgonjwa wa kawaida hubakiwa na takriban mwaka mmoja. Kipimo cha damu ambacho kingeiona mapema kingekuwa jambo kubwa.

Mwaka 2003 Bruce Robinson na wenzake wa Perth, Australia, walitangaza kwamba protini iitwayo mesotelini, ambayo seli za utando wa mapafu hutengeneza na saratani yake huimwaga kwa wingi kwenye damu, ilikuwa juu kwa wagonjwa 37 kati ya 44. Walikuwa na kundi jingine: watu 40 waliovuta asbestosi lakini hawakuwa na ugonjwa siku walipotolewa damu. Saba kati yao walikuwa na mesotelini nyingi. Ndani ya miaka mitano, watatu kati ya hao saba walipata mesotelioma na mmoja saratani ya mapafu. Wale 33 wenye kiwango cha kawaida, hata mmoja hakupata mesotelioma. Ukisoma matokeo hayo unaelewa kwa nini maabara nyingi ziliingia mbioni. Perth si mahali pa kubahatisha: jimbo lake ndilo lenye Wittenoom, machimbo ya asbestosi ya buluu yaliyofanya kazi kuanzia 1943 hadi 1966, na waliowahi kuishi huko wamekuwa wakifuatiliwa na kuzikwa tangu hapo.

Kisha mambo yakapoa. Tafiti kubwa zilipojumlishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba ukiweka kizingiti ambacho hakiwatii hofu zaidi ya watu watano kati ya kila mia wasio na ugonjwa, mesotelini hunasa theluthi moja tu ya wagonjwa walio katika hatua za mwanzo. Kiwango chake hupanda pia kwa mtu mwenye figo dhaifu, na kwa umri. Mwaka huo huo Harvey Pass wa New York alichapisha matokeo ya protini nyingine, fibulini-3, yaliyokaribia ukamilifu: ilinasa zaidi ya asilimia 96 ya wagonjwa. Miaka miwili baadaye watu wa Perth waliirudia kazi hiyo kwa wagonjwa wao wenyewe, na mesotelini ya zamani ikaishinda fibulini-3 katika kutambua ugonjwa. Kabla ya hapo protini iitwayo osteopontini ilikuwa imepanda na kushuka vivyo hivyo.

Watu wengi huona hapo ulaghai. Mimi naona hesabu. Chukua watu 10,000 waliovuta asbestosi, na tuseme kwa mfano 20 kati yao wana mesotelioma changa mwaka huu. Kipimo kile cha theluthi moja kitawanasa 7 hivi. Wakati huo huo, kati ya 9,980 wasio nayo, asilimia tano ni watu 499. Utawaita 506, utawapiga picha, utawatoboa kifua, utawalaza macho usiku kucha, na 499 kati yao hawana kitu. Wengine 13 wenye saratani wataambiwa wako salama. Ugonjwa ukiwa adimu, hata kipimo kizuri huzaa hofu nyingi kuliko majibu.

Wajerumani walijaribu njia nyingine. Badala ya kupima kila mtu, watafiti wa Bochum waliwafuatilia wanaume zaidi ya 2,700 ambao tayari walikuwa na mabaka au makovu yaliyothibitishwa kuwa ya asbestosi, wakawatoa damu mwaka hadi mwaka, wakaunganisha mesotelini na protini ya pili, kalretinini. Mwaka 2018 waliripoti kwamba protini hizo mbili kwa pamoja zilitambua asilimia 46 ya waliougua, hadi mwaka mmoja kabla ya madaktari kuuona ugonjwa, na kengele za uongo zikiwa mbili tu kwa kila mia. Ni hatua ya kweli, ingawa mwaka mmoja wa kutangulia una thamani tu kama kuna dawa ya kuutumia. Dawa mbili za kuamsha kinga, nivolumabu na ipilimumabu, ziliongeza maisha ya kati ya wagonjwa kutoka miezi 14 hadi 18 katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Hizo ndizo habari njema zilizopo.

Afrika Kusini ina utaratibu mmoja unaowashangaza wageni. Kwa sheria ya magonjwa ya wachimbaji ya mwaka 1973, mchimbaji akifa, familia ikikubali, moyo na mapafu yake hutolewa na kupelekwa Johannesburg, vikiwa kwenye fomalini, popote alipofia. Wanapatholojia huvichunguza, na familia yaweza kulipwa fidia ambayo marehemu hakuipata akiwa hai kwa sababu hakuna aliyemwona. Ni huzuni kwamba ushahidi mzuri kuliko wote hupatikana mtu akishafariki. Lakini kumbukumbu za mapafu hayo, zilizokusanywa tangu miaka ya 1970, ni hazina ambayo nchi chache duniani zinayo. Upungufu wake ni kwamba sheria inamtambua mchimbaji. Mke aliyefua nguo zake hayumo.

Afrika Mashariki hatukuwa na vilima vya asbestosi vya namna hiyo. Tuna mapaa. Shule, kota za reli, zahanati na nyumba za watumishi zilizojengwa katikati ya karne iliyopita ziliezekwa kwa mabati yale ya kijivu, na mabomba ya maji ya saruji ya asbestosi bado yamo ardhini. Rwanda imekuwa ikiyaondoa mapaa hayo kwa mpango wa serikali tangu mwaka 2011. Kwingineko yanavunjwa kwa nyundo, vipande vinageuzwa uzio wa banda la kuku, na fundi aliyevivunja hana jina kwenye daftari lolote.

Na tuna kifua kikuu, kama Kimberley ilivyokuwa nacho. Mtu mzima akija wodini na maji kifuani, kitu cha kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu, na mara nyingi ni sahihi. Ugumu uko kwa yule anayemaliza miezi sita ya dawa na maji yakarudi. Maji hayo huvutwa, huangaliwa vimelea, kisha humwagwa. Ndani yake zinaweza kuwamo seli ambazo mwanapatholojia akizipaka rangi ya kalretinini ataanza kushuku utando wa mapafu, na akiletewa kinyama kutoka kwenye utando huo anaweza kuthibitisha. Hospitali kubwa za rufaa zina uwezo wa kuchukua kinyama. Fomu inayosindikiza sampuli huwa na nafasi ya umri, jinsia na kazi. Kwenye kazi huandikwa "mkulima" au "mfanyabiashara", yaani anachofanya mgonjwa mwaka huu. Aliyofanya mwaka 1985, kama alikuwa saidia fundi wa kuezeka, kama alipakua magunia bandarini, kama baba yake alikuwa fundi wa mabehewa na akirudi jioni na ovaroli yake nyumbani, hayo yanahitaji mtu wa kuvuta kiti na kuuliza, na kuandika jibu kwenye fomu kabla chupa haijaenda maabara.